Suti ya Kliniki

Ukikutana na mtu amevaa shati lenye mkunjo mmoja tu mkononi, mkunjo ulionyooka kutoka begani hadi kwenye kifungo kama umepigwa rula, ujue kuna mtu aliinama juu ya shati hilo huku ameshikilia pumzi. Katika mtaa huu mtu huyo alikuwa Mama Pasi. Hakujaliwa mtoto. Hilo "Mama" alipewa na wateja, na hiyo "Pasi" alijitafutia mwenyewe kwa kusimama miaka thelathini na mmoja nyuma ya meza moja. Jina la kuzaliwa lilikuwepo, lakini lilikaa kwenye kitambulisho tu, ndani ya mkoba, chini ya sindano na uzi.

Chumba chake kilikuwa cha mbele katika nyumba ya wapangaji sita. Meza ilitandikwa blanketi la kijivu, na juu ya blanketi shuka iliyokuwa nyeupe zamani, sasa katikati imeiva rangi ya mkate. Waya ulivutwa toka ukuta hadi ukuta, mashati yakining'inia humo kama watu waliopanga foleni. Pembeni jiko la mkaa. Pasi zilikuwa mbili, za chuma, za kujaza makaa: moja iko kazini, nyingine inapata moto. Ya umeme alikuwa nayo pia. Ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, na ukimuuliza atakwambia ile ni pambo, maana umeme wa nyumba ile ulikuwa unaondoka bila kuaga na kurudi bila hodi.

Sasa, dirisha. Dirisha lilitazama barabara, na barabara ilikuwa ya malori ya kokoto. Wateja wake wakubwa walikuwa watu wa ofisi, na watu wa ofisi wanapenda meupe. Chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya pasi ya moto inaacha doa la kahawia ambalo hata ulifue mara kumi linakuangalia tu. Kwa hiyo Mama Pasi alifunga dirisha. Mlangoni akaweka pazia zito, akalowanisha upindo wake kwa maji ili vumbi likwame hapo. Mashati yakawa yanatoka meupe mpaka watu wanauliza anatumia dawa gani. Hatumii dawa. Vumbi lilibaki nje, moshi ukabaki ndani, na yeye akabaki na moshi.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, cha asubuhi, cha kusafisha koo. Mwaka wa pili kikawa na zamu ya mchana. Mwaka wa tatu alikuwa akibeba ndoo toka bombani anasimama mara mbili njiani, anajifanya anasalimia watu.

"Siku hizi umekuwa na salamu nyingi," jirani yake Muuza Mboga alimtania. "Unagombea udiwani?"

"Nagombea kufika," alisema Mama Pasi, akacheka kwa pua.

Muuza Mboga alikaa chumba cha tatu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya sokoni hata akiwa anasali, na ndiye aliyeanzisha mambo ya suti.

Mambo yenyewe ni haya. Mama Pasi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, na huyo mdogo alikuwa mwalimu. Baba yao alipofariki, mkubwa alikuwa darasa la sita na mdogo darasa la kwanza, na mama yao hakuwa na nguvu ya kusomesha wawili. Hakuna aliyeitisha kikao. Siku moja tu mkubwa alikwenda kwa jirani mwenye pasi akaomba afundishwe kazi, na madaftari yake yaliyobaki na kurasa tupu akampa mdogo. Mdogo akasoma. Akafika chuo, akafika darasani, akafika cheo cha mwalimu mkuu msaidizi katika mji mwingine, nyumba ya ghorofa moja, bustani mbele, jiko la gesi. Walipendana sana hawa wawili, ila walipendana kwa simu. Na Mwalimu aliponenepa, suti yake ikimbana, alimtumia dada yake: koti na sketi, buluu iliyokolea, bitana ndani, vifungo vya kufunikwa kwa kitambaa.

"Nitaivalia wapi mimi hii?" Mama Pasi aliuliza. Akaitundika.

Basi Muuza Mboga akapata maumivu ya tumbo. Akaenda hospitali na gauni lake la sokoni, lenye majimaji ya nyanya kifuani. Alikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka watu wanaanza kufagia. Alipofika kwa daktari aliulizwa maswali mawili, akapewa dawa ya minyoo, akaambiwa awe ananawa mikono. Kesho yake maumivu yako palepale. Akaingia kwa Mama Pasi ameshika tumbo, akaangalia ukutani, akasema, "Hebu nipe hiyo."

"Hiyo suti? Unaenda harusini na tumbo hilo?"

"Naenda palepale. Ila leo naenda kama mtu."

Walimfunga kiuno kwa pini nne. Saa tano alikuwa amesharudi, amepimwa kwa ile mashine ya kupaka mafuta tumboni, ameonyeshwa mawe kwenye nyongo yake, na ameitwa "madam" mara tatu. Alizihesabu. "Nilipewa kiti chenye mgongo!" aliwaambia wapangaji uani. "Nesi akaniuliza kama nina baridi! Mimi! Baridi!"

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyekwenda hospitali bila suti. Msusi wa chumba cha tano aliivaa. Mpishi wa shule, aliyekuwa mpana, aliivaa bila kufunga vifungo, akashikilia mkoba mbele. Mama Pasi aliinyoosha kila inaporudi, kwa kitambaa kibichi juu yake ili isipate mng'aro. Na Muuza Mboga, kwa kuwa ndiye mwanzilishi, akatunga masharti.

"Usijikune. Usiseme 'naumwa kifua', sema 'nina shida ya kupumua'. Usiulize bei kwanza. Kwapani weka gazeti, jasho lisiifikie. Na ukiulizwa kazi, tafadhali sana, usiiaibishe suti."

"Wewe ulisema unafanya nini?" Mama Pasi aliuliza.

"Mfanyabiashara wa mazao."

"Makubwa!"

"Si mazao? Mchicha ni madini?"

Kwa hiyo zamu ya Mama Pasi ilipofika, baada ya msusi kumkuta amekaa chini pembeni ya jiko anatafuta hewa kama mtu aliyedondosha kitu, alivaa suti ya mdogo wake, akaweka gazeti kwapani, akaenda.

Kila kitu kilikwenda kama kilivyosemwa. Kiti chenye mgongo, kikapatikana. Daktari alikuwa binti wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye kalamu inayokimbia. Alimwangalia usoni akasema, "Karibu mama, pole kwa kusubiri," na hakuwa amesubiri hata dakika ishirini. Mama Pasi akahisi shingo yake inarefuka.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Alikuwa amejiandaa kusema "mfanyabiashara". Lakini suti ile ilimkaa vizuri, haikuhitaji pini hata moja, maana ilishonwa kwa mwili wa damu yake. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Mwalimu."

"Ooh, hongera. Darasa la ngapi?"

"La nne." Hilo ndilo Mwalimu alilokuwa akilalamikia kwenye simu.

"Nyumbani mnapikia nini? Mkaa, kuni?"

"Gesi," alisema, na akaliona jiko lenyewe, jeupe, lenye vyumba vinne vya moto, kama alivyoelezwa.

"Kuna moshi wowote unaokaa karibu nao? Anayevuta sigara?"

"Moshi? Hapana, daktari. Kuna bustani."

Akaulizwa chakula cha jioni, akamweleza chakula cha mdogo wake, na nyama yake. Akaulizwa kama anatembea, akasema ana gari dogo, lakini hilo alilijutia palepale kwa sababu Mwalimu alikuwa ameliuza. Makohozi yake yalipimwa, hayakuwa na kitu. Picha ya kifua ikapigwa, haikuonyesha uvimbe. Daktari akafikiri, akafikiri kwa haki kabisa, kwa vile alivyopewa, akaandika: vumbi la chaki, pamoja na asidi ya tumboni inayopanda usiku na kukereketa koo. Vidonge, kimoja nusu saa kabla ya kila mlo, kutwa mara tatu. Kupunguza nyama ya jioni. Kutumia kalamu za ubao mweupe kama shule inaweza. Na mazoezi: kutembea nusu saa kila siku, "maana ninyi walimu mnakaa sana."

Alirudi nyumbani mtu mwingine. Wapangaji walimsikiliza uani, na alipofika kwenye mazoezi Muuza Mboga akaweka kisu chini.

"Utembee? Wewe? Unayesimama tangu jogoo mpaka kuku wanarudi bandani?"

"Kusimama si kutembea. Daktari amesoma."

Na hapa ndipo alipofanya kosa: aliyafuata maagizo yaliyomfaa mtu wa nyumba ya ghorofa kwa uaminifu mkubwa. Milo mitatu hakuwa nayo, alikuwa na chai asubuhi na chakula jioni, kwa hiyo kidonge cha mchana alikimeza kwa ajili ya mlo ambao haukuwepo, ili asiharibu hesabu ya daktari. Nyama ya jioni alipunguza kwa kutokula ile ya mwisho wa wiki, ambayo ndiyo pekee. Akatembea nusu saa kila alasiri kando ya malori ya kokoto, kisha akarudi, akafunga dirisha, akawasha mkaa.

Miezi miwili. Kikohozi kikaota mizizi. Alianza kulala ameketi, mito miwili mgongoni. Midomo ikawa na rangi isiyo yake. Lakini kila akiulizwa alisema dawa zinafanya kazi taratibu, na kweli aliamini, kwa kuwa alikuwa ametibiwa kwa heshima.

Alhamisi moja asubuhi alikuwa na mashati matano ya Karani Mkuu. Karani Mkuu ni mteja wake wa miaka mingi, mtu wa meupe matupu, anayekagua kola kwa kuigeuza kwenye mwanga. La tatu likiwa mezani, Mama Pasi alivuta hewa na hewa haikuja. Akavuta tena. Akaegemea meza. Alipopata fahamu alikuwa chini, Muuza Mboga anampepea kwa sufuria, na chumba kina harufu ya kitu kinachoungua. Pasi ilikuwa imekaa mgongoni mwa shati, na pale ilipokaa pana umbo lake kamili, la kahawia, toka ncha hadi kisigino.

Miaka thelathini na mmoja, halijawahi kuungua shati. Alilia kwa ajili ya shati, siyo kwa ajili ya kifua.

Muuza Mboga hakuomba ruhusa. Alichukua simu ya Mama Pasi akampigia Mwalimu. "Dada yako anakufa na anaficha," alisema. "Mimi ni jirani. Kata simu uje."

Mwalimu alifika kesho yake jioni na begi moja. Alisimama mlangoni, pazia likimgusa bega, na kabla hajasalimia alianza kukohoa.

"Dada, unakaaje humu?"

"Nimezoea. Karibu, mdogo wangu. Umenenepa, unapendeza."

"Fungua dirisha."

"Kuna mashati."

"Dada. Fungua dirisha."

Lilifunguliwa. Mwalimu akakaa kitandani, akaomba karatasi za hospitali, kwa kuwa ni mtu wa karatasi. Alisoma ya kwanza akakunja uso. Akasoma ya pili. Akaanza kucheka kile kicheko cha walimu cha kuzuia, mdomo umefungwa.

"Mwalimu wa darasa la nne?"

Mama Pasi akaangalia sakafu.

"Gesi? Bustani? Dada, mpaka gari? Nililiuza mwaka juzi!"

"Najua. Lilinitoka tu."

"Huyu ni mimi," Mwalimu alisema. Hacheki tena. Aliirudisha karatasi mbele ya macho, akaisoma polepole kama anasahihisha. "Hiki kiungulia ni changu hasa. Na chaki ni yangu. Wamenitibu mimi. Umekunywa dawa zangu miezi miwili, na wewe mwenyewe hujaenda hospitali."

Nje lori likapita, na vumbi likaingia kupitia dirishani likatua juu ya meza, na Mama Pasi hakuinuka kulifuta.

"Twende Jumatatu," Mwalimu alisema. "Uvae suti ileile, umwambie ukweli."

"Siwezi. Nikiivaa ile, mdomo haunisikilizi."

"Basi nenda na gauni lako."

"Nikienda na gauni langu nitakaa kwenye benchi mpaka wafagie, halafu nitaulizwa maswali mawili. Mwulize Muuza Mboga kuhusu minyoo." Alivuta hewa, akapumzika, akaendelea. "Na kitu kingine. Akinisikiliza kweli ataniambia niache mkaa. Nikiacha mkaa mimi ni nani? Mama nani?"

Mwalimu alisema, "Ni dada yangu."

"Hiyo siyo kazi."

"Ni kazi, na umeifanya kupita kiasi. Njoo tukae kwangu."

"Kwako kuna ngazi."

"Utalala chini."

"Nitalala chini nifanye nini? Niangalie bustani?" Halafu, kwa upole, maana alimwona mdogo wake macho yamejaa: "Najua unachokiwaza. Usikiwaze. Mimi nilishika pasi kwa sababu niliipenda. Hesabu zilikuwa zinanichosha."

"Muongo. Ulikuwa wa kwanza darasani."

"Wa pili."

Jumatatu walikwenda wote wawili, Mama Pasi na gauni lake la kazini, safi lakini lenye alama mbili za cheche tumboni. Mwalimu aliacha hereni nyumbani, akavaa nguo ya kufulia ili wawe sawa. Walikaa kwenye benchi. Watu wakapita mbele yao, wakapita tena. Nesi alimwambia Mwalimu, "Mama, sogeza miguu," kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwa amesemeshwa nayo tangu akiwa mwanafunzi, na Mama Pasi akambana mkono asijibu. Saa nane mchana mlango ukafunguliwa.

Daktari alikuwa yuleyule. Alikuwa amechoka, kichwa kiko kwenye karatasi.

"Ndiyo, mama. Nini?"

"Kifua."

"Ulishawahi kuja hapa?"

Hakumtambua. Mama Pasi aliona mlango umefunguka wa kutokea bila aibu: aseme hapana, aandikiwe faili jipya, yule mwalimu mwenye bustani apotee, na asijulikane alikuwa nani. Mwalimu naye aliuona, akamwachia dada yake. Mama Pasi alipiga moyo konde.

"Nilikuja. Mimi ndiye yule mwalimu wa darasa la nne. Uliniandikia vidonge vya tumbo, na kutembea."

Kalamu ikasimama. Daktari akainua kichwa, akamwangalia, akaangalia karatasi za zamani ambazo Mwalimu alimwekea mezani, akamwangalia tena. Ilikuwa wazi haamini.

"Mama, yule alikuwa..."

"Alikuwa na suti. Ni ya huyu mdogo wangu. Na darasa ni la huyu, na gesi ni ya huyu. Mimi ni mpiga pasi, daktari. Ya mkaa."

"Kwa nini ulinidanganya? Ningeweza kukuua!"

Sauti ya daktari ilipanda kweli, na Mwalimu akajisogeza mbele. Lakini Mama Pasi hakukasirika. Alikuwa amekaa saa sita kwenye mbao, miguu imekufa ganzi, hakuwa na nafasi ya hasira.

"Binti yangu," alisema, "siku ile uliniangalia usoni ukanipa pole kabla sijakaa. Leo umeniuliza 'nini'. Sikulaumu, watu ni wengi. Nakueleza tu kwa nini."

Daktari akazikunja karatasi zile, akazikunjua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini na bado na ubishi kidogo, "Na nitajuaje kwamba leo ndiyo kweli?"

"Koti lako hilo," Mama Pasi akamwonyesha kwa kidevu. "Mkono wa kushoto una mikunjo miwili. Aliyelinyoosha alianza na kifua akaja mikono mwisho, nguo ikiwa imeshakauka, akakosea mstari akarudia. Angeanza na kola, halafu mabega, halafu mikono. Kifua ni cha mwisho. Na pasi haikuwa na moto wa kutosha, alikuwa na haraka."

Daktari aliangalia mkono wake wa kushoto. "Ni mimi," alisema. "Leo asubuhi." Na akacheka, na Mwalimu akacheka, na hapo ndipo huyo binti alipovuta kiti chake upande huu wa meza.

Maswali hayakuwa mawili. Yalikuwa kama arobaini. Jiko liko wapi? Kona ya kulia. Chumba hatua ngapi? Nne kwa tano. Unapuliza makaa kwa mdomo? Ndiyo. Kichwa kinauma jioni? Kila jioni, nilidhani ni uzee. Dirisha?

"Nalifunga."

"Muda wote?"

"Meupe, daktari. Vumbi."

Alipewa bomba dogo lenye mshale, akaambiwa apulize kwa nguvu zake zote. Alipuliza kama anapuliza makaa. Mshale ulipanda kidogo ukakaa. Daktari alimwonyesha mahali ulipotakiwa kufika kwa mwanamke wa umri wake, na palikuwa mbali, karibu mara mbili. Hakumficha. Alimwambia kilichoharibika hakitarudi chote, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwamba ipo dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamfundisha kuivuta, mara tatu, mpaka akaipata.

"Lakini dawa hii ukiivuta asubuhi kisha ukaenda kufunga dirisha," alisema, "ni kazi bure. Mkaa utoke nje. Au wewe utoke nje."

"Nikisema siwezi kuacha kazi?"

"Sijasema uache kazi. Nimesema utoke nje."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kwa neno "acha" kwa siku tatu. Alilisubiri. Halikuja. Akajikuta ameshika mkono wa daktari, ule wenye mikunjo miwili, anaulainisha kwa kiganja bila kujua.

Wiki ile shule zilikuwa zimefungwa, Mwalimu akabaki. Wapangaji walitoa meza uani, upande wa nyuma, chini ya bati alilokuwa akiegeshea baiskeli mume wa msusi. Jiko likawekwa mbali, upepo ukichukua moshi kwenda zake. Muuza Mboga alitoa amri na hakubeba kitu. Uani nako vumbi lilifika, ila malori hayakuanza mpaka saa mbili, kwa hiyo Mama Pasi akaamua: meupe yote yatapigwa alfajiri mpaka saa mbili, rangi zitafuata. Asiyeridhika aende kwingine. Na kweli wateja wawili wakaenda kwingine.

Karani Mkuu alituma mtu kuchukua mashati yake manne yaliyobaki, na mwenyewe hakuwa ameonekana tangu la tano liungue. Alikuja asubuhi ya nne na mashati manne kwenye mfuko. Akapitia mbele, akakuta chumba kimefungwa, akaelekezwa nyuma. Alimkuta Mama Pasi na pasi mkononi, na pembeni yake mwanamke mwenye nguo ya kufulia, ameshika chupa ya maji, ananyunyizia kola.

"Mama Pasi, mambo gani haya? Uani, na kuku?"

"Shikamoo, mzee. Ni kifua. Daktari ametaka nipate hewa. Meupe yako yatapigwa alfajiri, kabla ya vumbi. Na lile shati nitakulipa kwa kazi."

Aliyageuzageuza mashati ya wateja wengine yaliyokuwa tayari, akatafuta kosa, akalipata: mkono mmoja, mikunjo miwili. Akamgeukia mwenye chupa. "Hii umeifanya wewe, sivyo? Wewe msaidizi, huna macho? Dada wa watu anakupa kazi unamharibia! Watu kama ninyi mkionyeshwa kitu mara moja hamshiki."

Mwalimu mkuu msaidizi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yake yote, ya Kiswahili sanifu, yale yanayonyamazisha darasa la watoto sabini. Akamtazama dada yake. Mama Pasi alikuwa ameinama, mabega yanacheza kwa kicheko anachokizuia, anaomba kwa macho: niachie huyu mteja, tafadhali.

"Samahani, mzee," alisema Mwalimu.

"Samahani haivaliwi ofisini. Mama Pasi, simama mwenyewe kwenye mikono. Nitapita kesho kuyachukua."

Akaacha mfuko mezani, akaondoka. Alipopotea kwenye kona, Muuza Mboga aliyekuwa amejificha nyuma ya ndoo alianguka kwa kicheko. "Msaidizi! Jamani, msaidizi! Na diploma!" Mama Pasi alicheka mpaka akalazimika kukaa, akavuta dawa yake, akasubiri, kifua kikatulia, akaendelea kucheka pale alipoishia.

Mwalimu hakucheka. Alisimama na chupa yake, anaangalia ile kona.

"Dada," alisema. "Hivyo ndivyo wanavyo..."

"Siyo wote. Na siyo kila siku."

"Miaka thelathini na mmoja?"

"Mdogo wangu, usianze. Saa moja na nusu hii, malori yanakuja." Mama Pasi aliinuka, akafungua mfuko, akatandaza shati la kwanza kwa kola. "Nyunyiza. Siyo hivyo, umelowesha mno, hebu tikisa chupa. Na mikono leo utaipiga wewe tena, mpaka uijue."